Kisahani cha Bwana Heath

Ukikosa kozi, posho inakatwa. Ukichelewa kurudi kutoka chakula cha mchana, umekosa kozi. Selwyn Podmore alikuwa ameitwa kazini, kazi ya kweli yenye mshahara, na alitakiwa afike kabla ya saa saba mchana, siku ileile, upande wa pili wa mji. Kozi ilikuwa inaendelea mpaka saa tisa na nusu.

Na kozi yenyewe ilikuwa ya kumfundisha namna ya kupata kazi.

Selwyn alikuwa na miaka hamsini na mbili. Tangu ujana wake alikuwa mchovyaji katika kiwanda cha vyombo vya kauri mjini Stoke, Uingereza. Kazi yake ilikuwa kuchovya sahani zilizochomwa mara moja ndani ya uji mweupe ambao ukiingia motoni mara ya pili unageuka kioo na kung'aa. Kiwanda kikafungwa. Mwaka ukapita na zaidi. Ofisi ya kazi ikawa inamlipa posho, na kwa sababu inamlipa, ikawa inampeleka kozi. Hii ilikuwa ya tatu, na zote tatu zilikuwa kozi moja: chumba juu ya duka la mazulia pale mtaa wa Hanley, viti kumi na viwili, na somo la kwanza jinsi ya kumpa mtu mkono. Wiki mbili nzima. Kulikuwa na wanaume mle waliowahi kuendesha winchi na kuzika wazazi wao, na sasa walikuwa wanafundishwa kusalimiana.

Mkufunzi aliitwa Kirsty, msichana wa miaka ishirini na sita hivi, mwenye moyo mzuri na sauti ya kukauka kwa kuongea. Yeye aliamini kozi inasaidia. Alikuwa na takwimu ukutani, mistari inayopanda. Kila asubuhi walibishana, na anayeanzisha alikuwa Iqbal, jirani wa Selwyn kwa viti, kijana aliyewahi kuendesha mashine za kunyanyua mizigo boharini.

"Kirsty," Iqbal alimwambia siku moja, "tangu nije humu nimemwona mtu mmoja tu aliyepewa kazi na kozi hii. Ni wewe."

Chumba kizima kilicheka, na Kirsty akacheka pia, kisha akawaambia wafungue ukurasa wa tisa.

Jumatano ya wiki ya pili akaja mgeni. Bwana Heath alikuwa meneja wa hoteli kubwa ya pale karibu na stesheni, na Kirsty alimwomba aje awafanyie usaili wa mazoezi. Isitoshe, alikuwa anatafuta waosha vyombo wawili wa kweli. Alikuja na suti ya kijivu na sanduku la vikombe vya hoteli yake, kwa kuwa alitaka awaone watu wanavyokaa mezani na kunywa chai. Kirsty aliwaonya tangu mapema. Mgongo wima. Macho kwa mwenyeji. Mikono itulie. Alipofika kwenye mikono alimtazama Selwyn.

Kirsty alijua anachokiogopa. Watu wa mji huo wana ugonjwa wao. Ukiwawekea chombo mezani, kabla hawajala wanakigeuza waone muhuri wa aliyekitengeneza. Wanageuza harusini, wanageuza hospitalini, mtu ametoka kuzika mama yake dakika hii na utamkuta anageuza sahani ya keki. Hawajui kama wanafanya. Mji mzima umeishi kwa udongo wa vyombo miaka mia mbili, kila mtu ana shangazi aliyepaka rangi au mjomba aliyepanga tanuri, na wanataka kujua chombo ni cha nyumbani au cha kuletwa.

Selwyn alikaa. Mgongo wima. Akampa Bwana Heath mkono kama alivyofundishwa mara tatu. Akaulizwa udhaifu wake ni upi, akasema hana subira na wajinga, na Iqbal nyuma yake akakohoa. Bwana Heath akasogeza chai upande wa Selwyn, kikombe juu ya kisahani. Mkono wa Selwyn ukaenda wenyewe. Ukanyanyua kisahani mpaka usawa wa jicho, ukakiinamisha ili upate kusoma chini yake, na kikombe kilikuwa bado juu kimejaa pomoni.

Hujawahi kuona meneja akiruka namna ile. Chai yote ilitua mapajani mwake. Kirsty alikimbilia karatasi za chooni. Mtu mmoja alianguka kutoka kwenye kiti kwa kucheka. Selwyn peke yake hakusogea. Alikuwa ameshika kisahani kile usoni na anasoma.

Mihuri yote ya mji aliijua. Huu hakuujua. Uliandikwa Salt, Longton, na Longton ni upande wa pili wa mji uleule.

"Hivi umevitoa wapi?" akauliza.

"Toka mbele yangu," alisema Bwana Heath.

"Samahani bwana, suruali nitaisafisha kwa pesa yangu. Lakini niambie, hivi umevitoa wapi?"

Meneja alikuwa anajifuta na hasira, ila naye alikuwa mtoto wa Stoke, na swali hilo hakuna mtoto wa Stoke anayelinyima jibu. Akasema kuna mama Longton, nyuma ya kanisa la zamani, amefungua kiwanda kidogo tangu baridi ilipoanza. Hoteli imenunua mia mbili na imeagiza tena.

Selwyn alihisi damu inamkimbia mpaka kwenye ncha za vidole. Kiwanda kipya. Mjini humo walikuwa wamezoea kusikia vinavyofungwa tu. Ilipofika mapumziko alishuka ngazi mbilimbili, akatafuta namba, akapiga simu akiwa amesimama katikati ya mazulia yaliyoviringishwa.

Aliyepokea alikuwa Doreen Salt mwenyewe. Zamani alikuwa katika chumba cha kupaka rangi kwenye kiwanda kilekile cha Selwyn, mama mwenye mdomo kama kisu.

"Selwyn Podmore? Mimi nilidhani ulishakufa."

Akamweleza bila kupumua. Mchovyaji wake ameteleza asubuhi hiyo, mkono umevunjika. Oda ya hoteli lazima iingie tanurini jioni. Amempigia mtu mwingine wa Tunstall, amesema atakuja saa saba. "Atakayetangulia ndiye. Na simshiki mtu wa siku moja, Selwyn. Mkono wa yule umevunjika vibaya na umri wake umekwenda. Atakayeingia leo amebaki."

Selwyn alirudi juu akikimbia, kifua kinaunguruma, akamwambia Kirsty amepata kazi. Kirsty alifurahi kwa dhati, akapiga makofi. Halafu akauliza barua iko wapi. Kanuni ilikuwa hivi: mtu anaruhusiwa kutoka kwa ajili ya usaili kama mwajiri ameandika, na ofisi ya kazi imeona maandishi hayo kabla. Selwyn akamwambia Doreen haandiki, ana mikono ndani ya ndoo. Kirsty akapiga simu mwenyewe mara kadhaa, ikaita mpaka ikakata. Akajaribu ofisi ya kazi, akawekewa muziki.

"Niandike tu kwamba nipo," Selwyn alisema.

"Nikiandika upo na haupo, wakija kukagua, mimi ndiye nitakuja kukaa kwenye hicho kiti chako." Hakusema kwa ubaya. Alitazama saa ya ukutani, kisha akatazama chini. "Chakula ni saa sita na robo mpaka saa saba kamili. Leo nina njaa, nitawatoa saa sita na dakika tano. Saa saba nafunga mahudhurio."

Iqbal alikuwa ameshavaa koti. "Mzee, twende. Nina gari la shemeji."

Lilikuwa gari la kupelekea watu chakula, linanuka vitunguu mpaka kwenye mikanda. Iqbal aliliondoa kama ameliiba. Walipita chini ya daraja, wakaikata barabara kubwa, wakafika kwenye mzunguko na kukuta lori la matofali limeuziba mzunguko wote, dereva wake anazungumza kwa simu. Iqbal akapiga honi. Dereva akamwonyesha kidole. Iqbal akapanda na gari juu ya majani ya katikati, magurudumu mawili karibu yaning'inie hewani, akatokea upande wa pili huku mama mmoja mwenye mbwa akiwalaani. Selwyn hakuyaona hayo. Alikuwa ameinua mikono yote miwili mbele yake na anachovya hewa. Ingiza, zungusha, toa, tikisa. Ingiza, zungusha, toa.

"Mzee, unaniogopesha," Iqbal alisema.

"Endesha."

Waliingia uani kwa Doreen saa sita na nusu na kidogo. Mtu wa Tunstall hakuwa amefika. Doreen alimtupia Selwyn aproni bila salamu, akamwonyesha ndoo na mbao zilizopangwa sahani mpaka mlangoni.

Sahani ya kwanza ilitiririka. Doreen aliiangalia, akaiweka pembeni. Ya pili ilibaki na doa la kidole. Selwyn alisikia jasho linashuka mgongoni, akafikiri kwamba mwaka mzima wa kukaa umemwibia mkono. Ya tatu, kiganja kikakumbuka. Hakikuambiwa na kichwa, kilikumbuka chenyewe: sahani ikazama kwa ubavu, ikageuka ndani ya uji, ikatoka na kutikiswa mara moja, nyeupe sawasawa kote, bila tone. Ya nne vilevile. Baada ya hapo hakuhesabu. Alikuwa anacheka peke yake kama mlevi. Ubao ukijaa, Iqbal anauchukua begani na kuleta mwingine, naye pia uso umemwiva kwa furaha, anaimba wimbo wa shemeji yake.

"Wewe kijana umeajiriwa na nani?" Doreen akamuuliza.

"Mimi dereva wa mheshimiwa. Kama kuna nafasi ya mheshimiwa wa pili, nipo."

Doreen akasema labda kiangazi, si sasa, pesa haipo. Kisha Iqbal akatazama saa na kicheko kikakatika. Muda ulikuwa umebaki mdogo sana. Wakiondoka dakika ile wangewahi, lakini kwa kukimbia.

Selwyn akasimama na sahani mkononi, uji unamchuruzika kwenye kiwiko.

"Ukitoka hapo," Doreen alisema, "namfungulia mlango yule wa Tunstall."

"Wananikatia posho, Doreen, ile ya kunifikisha kwenye mshahara wa kwanza. Wewe unalipa lini?"

"Mwisho wa mwezi, kama watu wote."

Aliwaza kodi ya nyumba. Alimwaza mkewe Glenys, anayefanya usafi shuleni asubuhi na kurudi na magoti yamevimba. Halafu mkono wake ukaizamisha sahani ile, kwa sababu ilikuwa imeshaanza kukauka.

"Nenda, Iqbal," akasema. "Kimbia."

Iqbal aliweka begani ubao mmoja wa mwisho, maana ulikuwa umezuia njia, kisha akakimbia. Lori la matofali lilikuwa bado lipo pale mzungukoni.

Saa moja jioni tanuri lilifungwa likiwa limejaa. Doreen akampa mkono wenye uji mkavu na kumwambia kesho saa moja asubuhi. Selwyn alimpigia Kirsty akiwa uani, akamwambia amebaki kazini.

"Hongera, Selwyn," alisema Kirsty, na ilisikika kwamba anamaanisha. "Nimeandika ukweli. Wewe hukurudi, Iqbal amechelewa. Pole."

Mwezi uliofuata kampuni inayoendesha kozi ilimhesabu Selwyn kwenye mistari ya ukutani, mtu mmoja aliyepata kazi kupitia mafunzo, na serikali ikawalipa kwa ajili yake. Glenys akamuuliza basi kozi imesaidia au haikusaidia. Selwyn akasema kozi haikumsaidia kitu, amesaidiwa na kisahani. Glenys akasema kisahani angekiona wapi kama asingelazimishwa kukaa mle. Walibishana mpaka mikate yao bapa ya nafaka ya oti ikapoa na jibini iliyo ndani ikaganda, na hakuna aliyeshinda.

Gharama ya kazi hiyo ilikuwa hii. Posho ya Selwyn ya wiki nne, ambayo ilikuwa ndogo kwa kuwa Glenys ana mshahara, pauni mia mbili themanini na nne. Cherehani ya Glenys, iliyouzwa kwa pauni arobaini ili kodi itimie. Suruali ya Bwana Heath kwa dobi, pauni kumi na mbili. Na Iqbal, kwa kuchelewa dakika ishirini, posho ya wiki mbili, pauni mia moja themanini na moja, pamoja na gari la shemeji, ambalo hakupewa tena. Wiki mbili zake alizokuwa amekaribia kuzimaliza hazikuhesabiwa. Jumatatu alianza kozi upya.