Begi la Mama Mkwe

Begi lilikuwa dogo, lakini kila hatua aliyopiga mlinzi, kitu kigumu ndani yake kilimgonga goti. Hili ni jiwe, alijiambia.

Mama mkwe alitangulia, akishuka taratibu kutoka nyumba za wafanyakazi kuelekea lango la hifadhi. Kushoto na kulia yalisimama majabali yenye matabaka ya rangi, na ndani yake konokono na samaki waliogeuka mawe tangu zama ambazo hapa palikuwa bahari. Visukuku hivyo vilikuwa vinaibwa. Ndiyo maana mkuu wa hifadhi aliagiza kila anayetoka apekuliwe, na atakayekutwa na kipande apelekwe mahakamani. Mlinzi wa zamani alimfumbia macho binamu yake, akafukuzwa siku hiyohiyo.

"Mama, humu umeweka nini?" aliuliza, macho chini.

"Mambo ya kike, baba. Nikutajie?"

Akanywea. Atampekuaje mtu ambaye hata kumtazama usoni anaona haya? Na wiki nzima mama huyu alikuwa akizurura majabalini peke yake, eti ananyoosha miguu. Nani ajuaye alichookota huko?

Langoni alisimama mkuu mwenyewe. Mlinzi aliomba kimoyomoyo mkuu apigiwe simu, apaliwe na mate, lolote lile. Mkuu alikuwa mzima wa afya.

"Shikamoo, mama," mkuu alisema, kisha akamgeukia mlinzi. "Mpekue."

"Mkuu, huyu ni mkwe wangu."

"Ndiyo maana nimemwamkia. Fungua begi."

Akaliweka begi chini. Zipu ilikwama, ikaachia. Nguo, sabuni, taulo, halafu jiwe lililojiviringa kama konokono, upande mmoja umelika hadi ukawa laini. Mlinzi alitamani ardhi ipasuke immeze. Ama ampoteze mama wa mke wake, ama apoteze kazi.

"Mama, hili umelitoa wapi?" mkuu aliuliza.

"Bafuni kwao," mama alijibu bila wasiwasi wowote. "Visigino vyangu vimepasuka, binti yangu akanionea huruma, akanipa hili la kusugulia." Akamgeukia mkwewe kwa upendo. "Si wewe mwenyewe uliyemwokotea mlipohamia hapa? Anakusifu mpaka leo."

Mlinzi aliinama, akaanza kurudisha taulo begini. Mama akadhani amenuna kwa sababu jiwe lake limechukuliwa, akampigapiga begani.

"Usijali, baba. Lile kubwa nimewaachia."