Komeo la Nje

Asubuhi ya ugeni Metroni Bertha aliingia wodi ya wagonjwa wa akili, akakusanya vile vipande vya kitenge vya kufungia wagonjwa, hata kile muuguzi Avelina alichokificha chini ya godoro. Wageni walikuwa ukumbini wakiandika viwango vipya vya uuguzi wa afya ya akili, na cha kwanza walishakubaliana tangu jana: mgonjwa hafungwi. Muuguzi atakayemfunga atanyang'anywa leseni.

Avelina hakuwa na ubishi na hilo. Nani anapenda kumfunga binadamu kitandani kama gunia la mkaa kwenye baiskeli? Aliuliza tu, kwa heshima zote, sindano za kutuliza zitafika lini, na nani atakuwa naye zamu.

"Avelina mwanangu, leo siyo siku ya maswali," Metroni alisema, huku akishindilia vitambaa kwenye mfuko. "Usinitie aibu mbele ya wageni."

Kisha akamwita mlinzi, Ndalahwa, akapange viti ukumbini. Metroni akatangulia, Ndalahwa akatoka nyuma yake na kusukuma komeo la nje kama alivyozoea, maana mgonjwa akitoroka anafukuzwa yeye. Avelina alisikia chuma kikigonga: amefungiwa ndani peke yake na wagonjwa.

Zenon alikuwa ameketi kitandani, mikono ameibana katikati ya magoti. Ni mvuvi wa kijiji cha Wampembe, mtu mpole. Wakati wa masika alimvunja Avelina mkono. Alipotulia na kuambiwa alichofanya, alilia na kukataa chakula. Sindano zake zilikuwa zimekwisha stoo tangu wiki iliyopita.

"Sista," alisema taratibu. "Inakuja."

"Nini, kaka Zenon?"

"Ile. Naisikia. Nifunge."

"Hairuhusiwi tena, kaka yangu."

"Nifunge, sista. Nitakuumiza, halafu wataniambia."

Avelina aliuendea mlango, akaugonga, akamwita Ndalahwa, akamwita Metroni. Aliogopa, aliogopa mno, na ule mkono uliowahi kuvunjika ukaanza kuuma kabla haujaguswa. Ng'ambo ya ua, mtu alikuwa akisoma kiwango cha pili kwenye maikrofoni: muuguzi asiachwe peke yake wodini. Ukumbi mzima ukapiga makofi, na makofi yakafunika sauti yake.

Nyuma yake kitanda kililia. Akageuka. Zenon alikuwa amesimama, amemnyooshea mikono yote miwili, vifundo vimegusana tayari kufungwa, na taratibu vilikuwa vinaanza kuachana.