Soksi ya Manjano

Huu ulikuwa mwaka wa tatu tangu Hilkka Tervonen aache pombe, na muda wote huo kijiji cha Petäjälahti kilikuwa hakijui kimfanye nini. Si kwamba watu walimchukia. Walimpungia mkono dukani, walimletea samaki, walimwazima msumeno bila kuuliza ataurudisha lini. Lakini zilipofika jioni za kukaa pamoja, mialiko iliipita nyumba yake kwa adabu kubwa, kwa kuwa hakuna aliyejua cha kumpa mtu asiyeshika glasi. Watu wa kule wakishikwa na aibu hunyamaza. Basi walinyamaza, na Hilkka akabaki na redio yake.

Kulikuwa na jambo jingine, na hilo ndilo lililomchoma hasa. Kwenye Juhannus ya mwisho kabla hajaacha pombe, sikukuu ile ya katikati ya kiangazi, alilewa akajilaza ndani ya boti ya binamu yake Reijo, kamba ikafunguka, akaelea ziwani amelala fofofo huku kijiji kizima kikimtafuta kwa kelele na machozi. Walimkuta kwenye matete, mzima, ameumwa na mbu hadi kwenye kope. Hakuna aliyemkemea. Walimpa kahawa, wakaenda kulala. Ila tangu siku ile boti hiyo ikaitwa boti ya Hilkka. Aliyetaka kuazima boti alimwendea Reijo akasema, naomba boti ya Hilkka, na Reijo akampa, na wote wawili wakaangalia chini.

Sasa Juhannus ilikuwa inakaribia tena, na Hilkka alikuwa ameamua. Kila mwaka siku hiyo Petäjälahti hushindania pombe nyeusi, ile inayotengenezwa kwa kuyeyusha ndani ya vodka peremende nyeusi za salmiaki, chungu, tamu na chumvi kwa pamoja. Kila nyumba hutengeneza yake. Mshindi hunywa kikombe cha mbao kilichojaa, kisha hupelekwa kwa boti kuuwasha moto mkubwa unaojengwa juu ya chelezo, mbele ya macho ya watu wote. Hilkka alitaka kuuwasha moto ule. Alitaka wamwone ziwani, ndani ya boti ileile, ameketi wima.

"Na kikombe je?" aliuliza Onerva, jirani yake mwenye miaka themanini, aliyekuwa amekaa jikoni kwa Hilkka akifuma soksi ya sufu. "Mshindi hukinywa."

"Kwanza nishinde. Na kikombe tutaonana hukohuko."

"Mimi nauliza tu. Umenituma mjini nikununulie chupa ya vodka, nimetoka nayo dukani nikakutana na mchungaji uso kwa uso."

"Ukamwambia nini?"

"Nikamwambia ni ya kuchua miguu."

"Akasema nini?"

"Akasema hata yeye miguu inamsumbua sana."

Hilkka alicheka, na kicheko kikamsaidia, maana chupa ilikuwa mezani. Alimwomba Onerva aje kwa ajili hiyo hasa. Hakutaka kuwa peke yake na vodka ndani ya nyumba iliyofungwa. Alizifunga peremende ndani ya taulo, akatoka nazo kizingitini, akazitwanga kwa nyundo mpaka zikawa unga. Aliporudi, Onerva alikuwa amekwisha kukifungua kifuniko na dirisha pia.

Harufu ilimfikia hata hivyo. Mate yakamjaa kinywani kwa kiu ileile ya zamani. Alijichukia kwa hilo. Onerva hakuinua uso kutoka kwenye soksi.

"Mwanangu," alisema, "huo unga hautaingia chupani wenyewe."

Hilkka akaumimina kwa faneli, akakaza kifuniko, akaenda kunawa mikono hadi kwenye viwiko. Kisha akailaza chupa kwenye mashine ya kuosha vyombo, bila sabuni, akaiwasha kwenye maji ya moto kabisa, kama wafanyavyo wote pale, kwa sababu hakuna kinachoyeyusha salmiaki vizuri kama safari moja ya kuogeshwa. Kifuniko alikikagua mara mbili. Mwaka mmoja Reijo alisahau kukaza chake, na mkewe alikula uji wa chumvi wiki nzima, kila sahani ya nyumba hiyo ikiwa nyeusi.

Wengi hukosea kwa tamaa. Hutia peremende nyingi wakidhani ukali ndio utamu, pombe ikawa nzito ikagoma kutoka chupani. Hilkka alikuwa ameanza kazi mapema. Wiki nzima aliyeyusha salmiaki kwenye maji ya moto tu, bila tone la kileo, akaonja, akapunguza, akaonja tena, mpaka ulimi ukawa mweusi na akapata kipimo alichokitaka. Halafu akaongeza kitu chake mwenyewe: shira aliyoipika kwa machipukizi mabichi ya misonobari aliyoyachuma nyuma ya nyumba. Kipimo hicho ndicho alichokihamishia chupani.

Chupa ilipopoa, alimmiminia Onerva kwenye glasi ndogo. Onerva akanywa. Akatazama ukuta.

"Ikoje?"

Onerva alinyoosha tu mkono wake na glasi tupu, aongezewe.

Kwa mtu wa Petäjälahti hiyo ni sifa kubwa kuliko hotuba. Na mashindano yenyewe huenda hivyohivyo. Hakuna majaji wala alama, kwa kuwa kumlazimisha mtu wa pale asifu kitu kwa mdomo ni kumtesa bure. Kila chupa huvishwa soksi ya sufu ili isijulikane, huingizwa kwa siri kwenye kreti iliyo katika chumba cha kuvulia nguo cha sauna, ile nyumba ya kuogea mvuke, kisha zote hupangwa juu ya meza kando ya gati. Watu hunywa watakayo. Soksi ambayo chupa yake itakauka kwanza ndiyo mshindi.

Siku ya Juhannus jua lilikuwa juu na halikuwa na haraka ya kwenda popote. Viazi vichanga vilichemka, samaki wa chumvi walikatwakatwa, mikate mitamu ya iliki ilikaa chini ya kitambaa ili nzi wasiifikie. Hilkka alifika na kikombe chake cha kahawa mkononi ili mkono usionekane mtupu. Reijo alikuwa mlangoni mwa sauna, mpana, mwekundu wa uso, bingwa wa miaka mingi na mlinzi wa sheria zote za mashindano, ambazo nyingi alizitunga mwenyewe.

"Binamu," alisema, "usiniambie na wewe umeleta. Sharubati, au?"

"Nimeleta soksi. Kaa nayo mbali, usije ukaipenda."

"Soksi nimezijua zote humu. Yangu ni ile itakayokauka."

"Mwaka jana yako ilifaa kuzibia boti."

Watu waliokuwa karibu wakacheka, kisha wakakumbuka ni nani aliyetaja boti, wakayameza macheko yao. Hilkka akaona. Akanywa kahawa yake.

Soksi zilipangwa: za kijivu, za buluu, nyekundu moja iliyotoboka kidole, na moja ya manjano yenye mstari mweusi. Onerva alikaa kwenye kiti karibu na meza akiwa amefumba macho, akijifanya amelala ili asije akamfichua mtu. Watu wakaanza kuonja. Mwanzoni glasi zilizunguka meza nzima kwa haki. Hilkka alisimama kwenye nyasi akitazama mikono, si nyuso, kwa maana nyuso za pale hazisemi kitu. Mkono mmoja ukaenda kwenye manjano. Ukaenda mwingine. Mwalimu mstaafu, ambaye hajawahi kurudia chakula kwenye arusi, akarudi kwenye manjano akijifanya anafukuza mbu. Reijo mwenyewe akapita hapo, akaondoka, akapita tena upande wa pili.

Moyo wa Hilkka ulikuwa unamwenda mbio kama wa msichana. Hakuwa anatamani kunywa. Aligundua hilo ghafla na likamshangaza. Alitamani tu ile soksi ya manjano iendelee kuwa nyepesi.

Ikawa nyepesi. Reijo akaichukua chupa ya manjano, akaigeuza juu chini, na tone la mwisho likamwangukia kidoleni. Akalilamba bila kufikiri. Ndipo akatambua amefanya nini, maana soksi yake ya kijivu ilikuwa bado ina robo.

"Imekauka," alisema kwa sauti ya mtu anayesoma tangazo la msiba. Akaivua soksi, akasoma jina kwenye karatasi iliyobandikwa chupani. Akasoma tena. "Hilkka."

Glasi zikashuka gati zima, na si kwa ubaya. Kila mtu alikuwa amefikia wazo moja kwa wakati mmoja. Kikombe cha mbao kilikuwa kimening'inia kwenye msumari mahali pake, na desturi ni kwamba mshindi hunywa pombe ya aliyemfuatia, kikombe kizima, kabla moto haujawashwa. Reijo akakitoa. Akamimina iliyobaki kwenye soksi yake ya kijivu, iliyoshika nafasi ya pili, polepole, akitumaini labda mtu atasema neno. Akamnyooshea Hilkka.

"Ni desturi tu," alisema. "Kama hutaki... sijui. Ni desturi."

Hilkka akakipokea. Kilikuwa kizito na cheusi, na harufu yake ilipanda moja kwa moja usoni.

"Mimi sinywi, Reijo," alisema. "Mwaka wa tatu huu. Mnajua wote, na hakuna hata mmoja wenu aliyewahi kulitamka mbele yangu. Basi nalitamka mimi. Sinywi. Lakini nimekosa kukaa na nyinyi mpaka nimezungumza na redio, na moto huu nauwasha leo, na kikombe hiki kitakwisha kwa desturi."

Akageuka akaelekea sauna, ambayo ilikuwa imechochewa tangu mchana. Zamu ya wanawake ndiyo ilikuwa ya kwanza. Wakamfuata, kwanza wawili, kisha wote, Onerva akiwa ameamka mara moja. Ndani, Hilkka akakimimina kikombe kwenye ndoo ya maji, hadi tone la mwisho, akakoroga kwa upawa. Kisha akateka, akarusha juu ya mawe ya moto ya jiko.

Mawe yakanguruma. Mvuke ukapanda darini ukawashukia mabegani, mtamu, mkali, wenye chumvi, na chumba chote kikanukia salmiaki. Mke wa Reijo alikohoa, akacheka, akakohoa tena.

"Hii ndiyo mara ya kwanza pombe ya mume wangu imefanya kazi ya maana," alisema.

"Ongeza," alisema Onerva kutoka benchi la juu kabisa. Akanyoosha mkono mtupu, kama aliyeshika glasi.

Hilkka akaongeza. Harufu ikatoka kwa mlango, ikapita juu ya gati, na wanaume waliokuwa nje wakasogea mmoja mmoja hadi ukutani wakavuta pumzi. Reijo akagonga mbao.

"Mtubakishie ndoo," aliomba.

"Desturi ni kikombe kiishe," akajibu mkewe. "Kinaisha."

Walipotoka, wekundu, wamejitumbukiza ziwani na kuvaa, hakuna aliyekuwa tena na shida ya pa kuweka macho. Mtu akamtilia Hilkka kahawa bila kumuuliza. Mwalimu mstaafu akamsogezea mkate wa iliki, na akaukata vipande kabisa.

Ikabaki kazi ya moto. Miaka yote mshindi hukaa nyuma ya boti akiwa amelewa, na aliyeshika nafasi ya pili ndiye hupiga makasia. Sasa Reijo akashuka ngazi za gati, mguu mmoja ukaingia kwenye boti yake na wa pili ukakataa kwa ulevi, akabaki ameukumbatia mlingoti wa taa. Wakamshika. Akatazama nyuma kutafuta wa kumsaidia. Kila aliyefungua kinywa kujitetea alionyesha ulimi mweusi kwa pombe.

Hilkka akayachukua makasia kutoka mikononi mwa binamu yake. Akaingia, akaketi, akaifungua kamba yeye mwenyewe. Akapiga makasia kuelekea kwenye chelezo, mgongo umenyooka, na maji yakafunguka mbele yake bila mawimbi. Alipofika akasimama wima ndani ya boti, akawasha mwenge, akaushikiza kwenye matawi makavu. Moto ukashika chini, ukatambaa, ukapanda wote kwa pamoja. Joto likampiga usoni, akalia, na hakuyafuta machozi kwa kuwa hakuyaonea aibu.

Ng'ambo ya maji hakuna aliyepiga makofi. Si kawaida yao. Lakini alipogeuka aliwaona wamejipanga ukingoni mwa gati, wote, kila mmoja amenyoosha mkono kuelekea ziwani akiwa na glasi tupu.

"Hilkka!" Reijo akapaza sauti. "Uangalie boti yangu!"

Hilkka akayaacha makasia yadondoshe maji.

"Boti ya nani?" akauliza.

Onerva ndiye aliyeanza, kwa sauti yake nyembamba, na wengine wakamdakia, wanaume na wanawake, mpaka ukingo mzima ukasema.

"Boti ya Hilkka."

Naye akaigeuza boti yake, akaanza kurudi kwa watu.