Raba za Isakwisa

Kila Jumamosi ya mechi, saa tisa alasiri, Debora wa Kyimo alichemsha chai ya maziwa vikombe viwili na kutandika khanga kuukuu kwenye kochi, maana mumewe Isakwisa alitoka kaburini na udongo mgongoni. Alikuwa na miaka mitatu tangu afariki. Kaburi lilikuwa hapo hapo migombani, hatua ishirini kutoka jikoni, kwa hiyo hakuwa na sababu ya kuchelewa.

Hakuwa peke yake kutoka kaburini. Mashabiki wa Kyejo FC, timu ya hapo Kyimo, walizikwa na jezi zao za njano, na mchungaji alikwisha kuchoka kulisemea jambo hilo. Debora aliongeza lake: alimvisha mumewe raba mpya, ingawa wazee walimwambia maiti havai viatu. Aliwajibu kwamba mvua ya Rungwe haina likizo na miguu ya baba Lusungu haiwezi baridi. Isakwisa alishika kikombe bila kunywa, akapasha mikono, akauliza kikosi, kisha wakaongozana uwanjani. Marehemu walikaa upande wa mlimani, walio hai upande wa barabara.

Siku zisizo za mechi hakuja, hata Krismasi. Debora alilimeza hilo. Mume wa Jumamosi naye ni mume.

Mwezi wa tatu, katibu Prosper aliitisha mkutano, akatangaza kwamba timu imeuzwa kwa tajiri wa Dar es Salaam. Ingehamia huko na kuitwa Ufukwe City. Aliondoka kabla ya maswali. Vijana wachache hawakujali, maana walikuwa tayari wamevaa jezi za timu kubwa za huko huko. Mzee Anyelwisye, aliyechuma chai miaka thelathini, alilia mbele za watu.

"Sisi wa nyanda za juu huku, chai yetu wanakunywa, ndizi zetu wanakula," alisema. "Kumbe hata timu yetu ya kufungwafungwa nayo wameitamani!"

Debora naye alilia, kwa sababu yake mwenyewe. Bila mechi, Isakwisa angekuja kufanya nini?

Jumamosi iliyofuata alimwambia mechi imeahirishwa kwa mvua. Na iliyofuata hivyo hivyo. Walikaa mchana kutwa wakizungumza habari za ng'ombe na za Lusungu, mtoto wao aliyeolewa Masukulu, kitu ambacho hawakuwahi kukifanya enzi za uhai wake. Debora alikuwa na furaha hadi akajionea haya.

Jumamosi ya tatu jua likawaka.

"Mama Lusungu," alisema Isakwisa, "uwanja umekauka."

"Wameiuza, baba Lusungu. Iko Dar."

Isakwisa aliweka kikombe chini.

"Mimi nipo," Debora alisema.

"Ndaga, mama Lusungu. Nashukuru sana. Lakini wale watoto wako ugenini peke yao. Nani atawaimbia?"

Akainama, akakaza kamba za raba.

Marehemu wote waliondoka jioni hiyo kwa barabara ya Uyole, kuelekea Dar, jezi za njano kwa mstari mmoja, karibu wote pekupeku. Isakwisa alitangulia, kwa kuwa yeye alikuwa na viatu. Dereva wa lori la parachichi alipunguza mwendo, akawapisha.

Siku hizi Debora huwasha redio. Mtangazaji hulalamika kwamba jukwaa moja la Ufukwe City halina mtu, lakini linaimba Kinyakyusa tangu mwanzo hadi mwisho. Tajiri ameliwekea uzio. Jina la timu ni lile lile jipya, na uwanja wa Kyimo wamepanda viazi.

Bado huchemsha vikombe viwili, na husogeza sikio redioni kutafuta sauti moja. Mara nyingine huwaza kwamba angemzika pekupeku, asingefika mbali. Halafu huona aibu, maana lami ya huko pwani inaunguza.