Ruzuku Ilipokwisha Sitalike

Mwaka ule mradi uliposhusha bei ya sola Sitalike, Dorotea alimsihi mumewe, Enoka, wanunue. Mradi ulikuwa unamlipa muuzaji nusu, mteja anamalizia nusu. Enoka akacheka.

"Kama imeshuka hivi, mwakani itashuka tena. Tusubiri."

Majirani hawakusubiri. Nyumba baada ya nyumba kando ya mto zikawekwa taa za nje, na viboko, waliokuwa wakipita popote wakifuata mpunga, wakaanza kukwepa mwanga. Njia yao ikawa inasogea kuelekea nyumba zisizo na taa. Asubuhi moja Dorotea akakuta nyayo nyuma ya jiko lake. Baada ya siku chache zikawa mlangoni.

Hapo Enoka mwenyewe ndiye aliyekwenda Mpanda mbio. Alirudi mikono mitupu.

"Mradi umekwisha, mama Denis. Ruzuku hakuna tena. Bei imerudi kule kule, na imezidi, maana mzigo mpya umepanda."

Waliuza ng'ombe wao wa maziwa. Fundi akafunga paneli juu ya bati, taa akaielekeza mtoni. Jioni ile ya kwanza watoto walicheza uani hadi giza likaingia, na Dorotea akajisikia mwepesi kama mtu aliyepona homa.

Kisha akatazama ng'ambo ya shamba. Kilikuwa kimebaki kibanda kimoja tu chenye giza, cha bibi Séverine, mjane asiye na hata mbuzi wa kuuza. Dorotea akamwendea haraka.

"Bibi, njoo ulale kwetu."

"Na mpunga wangu nimwachie nani? Nenda mwanangu. Nitadunduliza kidogo kidogo, labda hiyo ruzuku itarudi."

Dorotea alimshika mkono, bibi akauchomoa.

Akarudi peke yake, akasimama chini ya taa. Kiboko mkubwa alitoka kwenye matete, akaja moja kwa moja hadi pale mwanga ulipoishia. Akasimama, akatoa pumzi kwa kishindo puani. Kisha, bila haraka, akageuka kuelekea kwa Séverine.

"Baba Denis! Lete tochi!"

Walikimbia wakipiga kelele. Walipofika, ukuta ulikuwa umeshaanguka. Bibi alikuwa hai, ameketi kwenye vifusi. Enoka akamulika shambani. Mnyama alikuwa anakula, na hakuinua hata kichwa.