Sura ya Hawe Nyevu

Mwaka jana niliipoteza sura ya mtu, na sitaisingizia mashine. Kina mama wakulima wa Sabaki waliniletea picha za kalenda hapa dukani Malindi. Kwenye kompyuta zilimeremeta, nami nikachapa zote bila kujaribu hata moja. Hawe Nyevu, yaani Bibi Nyevu kwa Kigiriama, aliyeanzisha kikundi chao, akatoka meno matupu, uso mweusi tii kama sufuria ya kuni. Alipoishika kalenda aliuliza yeye yuko wapi. Nilitamani ardhi inimeze.

Mwaka huu mjukuu wake Janet, mwenyekiti wa kikundi, akaja na picha mpya.

"Hawe alikataa katakata kupigwa picha," aliniambia. "Tumembembeleza wiki nzima. Ukimpoteza tena, Trizah, hatasimama mbele ya kamera maisha yake yote."

Safari hii niliuongeza mwanga wa nyuso mpaka kwenye skrini zikaonekana zimepauka. Janet akainuka kitini.

"Umetuchubua. Sisi hatupaki krimu, dada. Rudisha rangi yetu."

"Rangi yenu ndiyo ninayoitafuta, Bi Janet."

"Mbona kwenye simu yangu tuko sawa?"

"Simu ina taa ndani yake. Karatasi haina, inaazima mwanga wa dirishani tu, na wino ukishazama unatia giza. Nikichapa kama ilivyo kwenye simu, Hawe haonekani."

Hakuniamini, na simlaumu, maana aliyekuwa akimpa somo ndiye aliyemharibia. Basi nikaacha maneno. Nilichapa picha mbili kwenye karatasi ileile ya kalenda, moja ilivyokuja na moja yangu, nikazibandika ukutani, mahali kalenda hukaa.

Ile niliyoichapa ilivyokuja ilikuwa masizi yaleyale ya mwaka jana. Kwenye yangu, iliyopauka kwenye skrini, Hawe alikuwa na ngozi yake ya kahawia, mikunjo pembeni mwa macho, hata kovu la kipajini. Janet aliisogelea, akaigusa.

"Huyu ndiye," akasema. "Chapa."

Jumamosi nilizipeleka kalenda Sabaki mwenyewe, kwenye sherehe yao.

"Shikamoo, Hawe."

"Marahaba," aliitikia bila kunitazama. Alikuwa hajasahau.

Aliishika kalenda mbali, akaileta karibu, akapitisha kidole juu ya mikunjo yake mmoja baada ya mwingine. Kisha akasimama, akaanza kuzunguka kwa wageni akiwaonyesha, hata waliokuwa na za kwao mikononi. Vigelegele vikamfuata kila alipopita, na mimi nikapiga vyangu kwa nguvu kuliko wote.

Mwishoni akaja kwangu. Aliiinua kalenda, akaiweka sambamba na shavu lake.

"Haya, fundi. Nani mzuri zaidi?"

Nilitazama huku, nikatazama huku, na kwa mara ya kwanza tangu nianze kazi hii sikuona tofauti.