Kiti Kimoja, Wazee Wawili na Samaki wa Malawi

Mimi samaki namtaka Ijumaa, amekaangwa, na viazi pembeni. Samaki wa kumtazama akiogelea sebuleni kwangu sikumwomba mtu. Lakini mume wangu Wendell alipostaafu kazi ya umeme, badala ya kulala kama wastaafu wenzake, akajiunga na chama cha wafuga samaki hapa Sheboygan, na tangu siku hiyo sina raha. Ziwa Michigan liko dakika kumi kutoka kwetu, samaki wamejaa tele. Yeye akataka mbuna, samaki wa kwenye mawe kutoka Ziwa la Malawi, eti kwa sababu wana rangi na wana akili.

Tangi alilonunua linabeba galoni mia na ishirini na tano. Kwanza ilibidi ashuke chini ya nyumba asimamishe nguzo mbili za chuma, maana maji hayo pamoja na mawe yake yanapita nusu tani, na sakafu yetu ni ya mwaka arobaini na nane. Kisha akaleta mawe ya chokaa, akayachemsha kwenye sufuria yangu ya supu. Mbuna wanataka maji magumu, kwa hiyo magadi yangu ya kuokea keki yakaishia kwenye tangi, na chumvi ya haluli ambayo baba mkwe wangu alikuwa akilowekea miguu nayo ikaishia humo humo. Nikiuliza naambiwa ni sayansi.

Baada ya hapo tukakaa na tangi la maji matupu wiki sita. Sitanii. Inabidi kwanza vijidudu vinavyokula uchafu wa samaki viote kwenye chujio, la sivyo samaki wanakufa wote. Kila asubuhi Wendell anadondoshea dawa kwenye kichupa cha maji ya tangi, anakiinua dirishani, anaangalia kama maji yamegeuka njano au kijani, anaandika kwenye daftari. Rafiki yake Lyle, fundi bomba mstaafu mwenye matangi arobaini nyumbani na mke aliyekwisha kata tamaa, akaja na zawadi: sponji chafu kutoka kwenye tangi lake, eti liharakishe vijidudu. Lilikuwa linanuka kama kinamasi. Wendell alilipokea kwa mikono miwili na machozi yanamlengalenga. Mimi siku ya harusi sikupokewa hivyo.

Wakati huo nyumba yangu ilikuwa na vita yake nyingine. Mama yangu, Leocadia, ana miaka themanini na miwili na anaishi nasi mwaka wa tatu sasa. Baada ya Krismasi akaongezeka mzee Orville, baba yake Wendell, miaka themanini na sita, aliyekuwa ameteleza kwenye barafu mlangoni kwake. Sebule yangu ina viti vitano. Wote wawili wakataka kimoja, kile kikubwa cha kuegemea kilicho karibu na tundu la kuingizia hewa ya joto. Orville anaamka alfajiri kukiwahi. Akienda chooni, mama yangu anatokea sijui wapi na kufuma kwake, anajitupa humo, anajifanya amelala.

Siku moja Orville alirudi kutoka chooni akamkalia. Alikaa kabisa, kilo tisini na kitu, juu ya mama yangu na sindano zake za kufumia. Mama alipiga yowe mpaka jirani akapiga simu kuuliza kama tuko salama. Orville hakuomba radhi ya maana. Alisema tu kwamba mama alivaa nguo ya rangi ya kiti. Kiti ni cha kahawia na mama siku hiyo alivaa gauni jekundu la kuitia ng'ombe wazimu, kwa hiyo hakumsamehe.

Uchokozi wa mzee yule ulikuwa hauna mipaka. Wiki ya tatu ya maji matupu, akakaa kwenye kiti chake, akaligeukia tangi, akamwambia mwanawe, "Samaki wazuri hawa. Wapole." Wendell aliumia sana, akaona baba yake anamdhihaki. Mimi nilicheka jikoni mpaka nikashikilia meza.

Lakini kufika mwezi wa tatu hakuna aliyekuwa anacheka. Mama hali mezani kama Orville yupo. Orville kahawa yake ina chumvi, anasema ni mama ameitia. Kuna nyumba ya kutunzia wazee upande wa pili wa mji, safi, watu wake wazuri, na walikuwa wamebakiza chumba kimoja. Wakatupa hadi Jumatatu tuseme tunakitaka au hatukitaki. Chumba kimoja, mzee mmoja. Sasa mzee wa nani?

Hapo mimi na Wendell tukaanza kuongea kwa adabu, tafadhali na asante, na kwetu hiyo ni dalili mbaya. Mimi nilikuwa naogopa. Mkwe wangu nampenda pamoja na ujeuri wake, lakini mama ni mama, na namjua: nikimpeleka kule atasema amenisamehe, na haitakuwa kweli. Wendell naye hana mzazi mwingine. Alikuwa anasukumasukuma chakula kwenye sahani.

Wiki hiyo hiyo ndiyo samaki wakaletwa. Kumi na wawili, njano kama limau na buluu ya kung'aa, nakiri walipendeza. Walipendeza saa moja. Dume moja la buluu lenye michirizi myeusi likateka mapango yote ya mawe, likawafukuza wenzake hadi kona ya juu, wakabaki wamebanana pale kama watu waliofungiwa nje na ufunguo uko ndani. Wendell akalipa jina la Meya. Akampigia Lyle simu, na Lyle akaja Alhamisi, akavuta kiti, akalitazama tangi, mkono kidevuni.

"Huyu tatizo lake anapajua pake," akasema mwishowe. "Toa mawe yote, yapange upya kabisa. Wakishashiba, uzime taa, uwaache. Wakija kustuka kila mmoja ni mgeni, sasa hapo jeuri itatoka wapi?"

Wakayapanga. Ijumaa asubuhi nikaenda kutazama nikiwa bado na mwiko mkononi. Meya alikuwa katikati ya tangi, anageuka huku na huku, hajui aanze kumwonea nani. Wenzake wanampita tu. Nilisimama pale mpaka chapati za maziwa zikaungua jikoni, kwa sababu lilikuwa limeniingia wazo.

Nilimwambia Wendell. Mwanamume mwenye akili angeniambia nikapumzike. Wendell alinitazama kwa mapenzi ambayo sikuwa nimeyaona miaka mingi, maana hatimaye kuna mtu humu ndani ameiheshimu sayansi yake.

Kila Jumamosi gari la kanisa linawachukua wazee wa mtaa kwenda kula mchana ukumbini. Wetu wanakwenda wote wawili, mmoja kiti cha mbele, mwingine cha nyuma kabisa. Lilipopinda tu kona, tukaanza. Kochi likaenda lilipokuwa kabati. Kabati likaenda ukuta wa mlangoni. Televisheni tukaigeuzia upande wa jikoni, zulia tukalizungusha, meza ya kahawa nikaitia katikati ya njia. Kile kiti cha kuegemea tukakikokota hadi kona ya mbali karibu na kabati la makoti, Wendell ameshika kiuno anagugumia. Kushiba, watarudi wameshiba. Taa tukazima, mapazia tukafunga. Wendell, kwa kuwa Jumamosi ni siku yake ya kubadilisha maji ya samaki, alikuwa amejaza ndoo moja akaiacha pale pale kilipokuwa kiti. Kisha tukakaa jikoni, tumeshikana mikono kama wanafunzi waliotega mwalimu.

Saa nane gari likasimama nje. Mama akaingia kwanza, akasimama kizingitini. Halafu nikamsikia anasema kwa sauti ndogo, "Roxanne? Mwanangu, tumeibiwa?"

Orville hakusimama. Alimpita, akatembea moja kwa moja gizani bila wasiwasi wowote, akagonga meza ya kahawa kwa muundi, akaizunguka akilaani, akafika, akageuka, akakaa. Akakaa kwenye ndoo. Maji yakaruka mpaka kwenye pazia, naye akabaki humo, magoti usawa wa kidevu, kofia bado kichwani.

Nitasema ukweli: nilicheka. Wendell alicheka. Tulimvuta, mmoja mkono huu mwingine mkono ule, ndoo ikamganda akaja nayo, tukacheka zaidi. Hatimaye akatoka. Suruali ilikuwa inachuruzika. Akajinyoosha, akageuka, akaenda zake kwa heshima kubwa kuelekea chooni, akafungua mlango, akaingia kwenye kabati la makoti.

Tukangoja atoke. Hakutoka. Nikawasha taa. Baba mkwe wangu alikuwa amesimama katikati ya makoti, anayapapasa moja moja taratibu, kama mtu anayetafuta ukuta. Aibu niliyoiona siku ile sijapata kuiona tena.

Mama yangu alikuwa bado mlangoni na koti lake la baridi.

"Orville," akasema. "Nimenyoosha vidole vingapi?"

"Usinifanye mtoto, Leocadia."

"Vingapi?"

Mzee akageuka kuelekea sauti. "Vitatu," akasema.

Mikono ya mama yangu ilikuwa mifukoni, yote miwili.

Ilibidi tumkalishe kwenye kochi na taulo ndipo aseme, na alisema akiwa ameangalia magoti yake. Macho yalianza kufifia tangu mwaka juzi. Lile barafu alilotelezea hakuliona. Alipokuja kwetu alihesabu: kutoka kwenye kile kiti ni hatua kumi na moja hadi chooni, tisa hadi meza ya jikoni. Kutoka kiti kingine chochote alikuwa mtu aliyepotea. Chumvi kwenye kahawa aliitia mwenyewe, akidhani ni sukari. Na hakusema, kwa sababu alijua kuna chumba kinatafutiwa mtu, na kipofu ndiye angekuwa wa kwanza kufungashiwa mizigo. Wendell alikuwa amepiga magoti mbele yake anamfuta maji kwenye soksi, analia waziwazi. Nadhani alikuwa anakumbuka wale samaki wapole. Na mimi nilikuwa nakumbuka jinsi nilivyocheka.

Mama akavua koti, akanipa nilishike.

"Nyinyi wawili mnafikiri sisi ni samaki?" akauliza. "Nimewasikia Ijumaa mnanong'onezana, nikadhani mnapanga sherehe ya siku yangu ya kuzaliwa. Rudisheni. Kila kitu mahali pake, na zulia. Na kile kiti kiwekeni vizuri, nitakuja kupima."

Tukarudisha kila kitu, kabati, kochi, televisheni. Mama alisimama katikati akielekeza, na kiti kilipofika alitusogezesha mara tatu, inchi kwa inchi, mpaka Orville alipotoka hapo akaenda chooni na kugusa kitasa bila kupapasa. Siku iliyofuata mama akamwambia Wendell amtafutie mzee daktari wa macho. Baadaye daktari alisema yaliyopotea yamepotea, ila kuna dawa ya matone ya kulinda kilichobaki. Mama ndiye anayemtia matone hayo, na anamtukana kila anapopepesa.

Jumatatu ile ile ya kutoa jibu, saa nne, simu ikalia. Yule dada wa nyumba ya wazee, mstaarabu sana, akauliza kama tumeamua ni nani anakuja. Nikamwambia ampe mtu mwingine chumba, hatuna wa kumleta. Akafurahi kwa ajili yetu, akasema kumbe wamepatana, ni jambo zuri.

Nikageuka kutazama sebuleni. Mama alikuwa amemshika Orville mkono, wanatoka kwenye kiti, anahesabu kwa sauti. Walipofika mlango wa choo mama akasema kumi na mbili. Orville akasema ni kumi na moja, zimekuwa kumi na moja tangu Januari, mama ndiye ana miguu mifupi anaharibu hesabu. Mama akamwambia basi turudi tuanze upya, na wakarudi, mzee wa watu amebanwa na mkojo, mkono hajauachia.

"Hapana, dada," nikamwambia. "Wanagombana."